Kona ya Juu Kushoto

Ubongo wa mtu ukitolewa kichwani ni laini sana. Ukiuweka mezani unajilaza wenyewe, unatanuka kama unga wa maandazi uliozidi maji. Huwezi kuukata. Inabidi uufunge uzi, uuning'inize ndani ya ndoo ya formole, dawa ya kuhifadhi maiti, bila kugusa chini, na usubiri miezi miwili mpaka ugande. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza katika jengo la anatomia pale Lubumbashi: kufunga uzi na kusubiri. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, binti wa fundi wa reli kutoka kaskazini ya Katanga. Nilikuwa nimesomea kazi ya maabara kwa masista, na sikuwa nimewahi kuona ndani ya kichwa cha mtu.

Aliyenifundisha alikuwa daktari ambaye sote tulimwita Prof. Alikuwa mrefu, mpole, na koti lake jeupe lilishonwa mifuko mara nyingi kwa sababu alipenda kutia ngumi ndani akiwa anafikiri. Wazazi wake walitoka Kasai zamani kuja kufanya kazi ya migodi. Yeye alizaliwa hapa hapa, akasoma hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kama changu, na Kifaransa juu yake.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomshughulisha: njia ambayo kuona hupitia kutoka jichoni kwenda ndani.

"Bantu banazani macho njo inaonaka," aliniambia siku ya kwanza. "Hapana. Macho ni mulango tu. Kuona kuko huku nyuma." Akajigusa kisogo.

Alinionyesha njia yenyewe kidogo kidogo, kwa muda wa miaka. Kila jicho linatoa uzi mnene. Nyuzi hizo mbili hukutana katikati, nusu ya kila moja ikavuka upande wa pili, kisha husafiri hadi kituo kidogo kilichojikunja kama goti. Kutoka pale zinatawanyika kama upepeo. Sehemu moja ya upepeo huo haiendi nyuma moja kwa moja. Huenda kwanza mbele, usawa wa sikio, ikapinda, halafu ikarudi. Prof aliiita kitanzi. Kitanzi cha kulia ndicho kinachobeba kona ya juu kushoto ya kila kitu tunachokiangalia, na ni hivyo kwa macho yote mawili.

Kitanzi hicho ndicho tulichokitafuta. Tuliugandisha ubongo katika frigo, friji ya barafu, siku nane, tukauyeyusha, tukaugandisha tena. Barafu ikitanuka huziachanisha nyuzi, na hapo unaweza kuzichambua kwa kijiti bapa cha mti. Chuma kinakata. Vijiti nilivichonga mwenyewe na kuvisugua kwa msasa mpaka vikawa laini kama kucha. Bongo nyingine tulizikata vipande vyembamba, tukavitia rangi, tukaviangalia kwa hadubini, nyuzi zikionekana za buluu karibu na nyeusi. Mwendo wa kitanzi ulitofautiana kutoka mtu hadi mtu. Kwa mmoja kilifika mbele sana, kwa mwingine kiliishia mapema. Prof alisema mpasuaji asiyejua hilo anaweza kumtoa mtu ugonjwa na kumtoa kona ya dunia kwa kisu kile kile.

Zilikuwa bongo za watu waliokufa hospitalini na hakuna aliyekuja kuwachukua. Kila ndoo ilikuwa na namba. Jumapili kanisani niliwaombea kwa namba, maana majina sikuwa nayo. Mama mkwe wangu aliposikia kazi ninayofanya aliacha kula bukari, ugali wetu, niliyosonga kwa mikono yangu. Hakunisema. Alikuja, akakaa, akasema ameshiba.

Miaka ya tisini ilipoanza, mambo yalianza kuvunjika, na hayakuvunjika kwa siku moja. Masomo yalisimamishwa, yakarudi, yakasimamishwa. Wanafunzi waliokuwa wakishuka kutoka mabweni ya Kasapa asubuhi na madaftari yao walipungua, halafu hawakuja tena. Formole iliacha kuletwa, nikawa naichuja ile ya zamani kwa kitambaa na kuirudisha ndoo kwa ndoo. Umeme ukawa wa kubahatisha. Mimi na Prof tuliendelea kufika kila siku saa moja na nusu. Tungekaa nyumbani tufanye nini?

Wakati huo ndipo nilipoanza kuona kitu.

Alikuwa na trei ya vioo vya hadubini, vimepangwa safu kwa safu. Kila jioni nilivikuta vimeangaliwa na kuwekwa alama, isipokuwa vile vya pembeni, juu, upande wa kushoto. Nilidhani amechoka. Siku nyingine aliniomba bokali, chupa ya mdomo mpana, iliyokuwa kwenye rafu mbele yake.

"Iko mbele yako, Prof. Hapo juu."

Aligeuza kichwa chote kama ndege, ndipo akaiona. Akacheka, akasema miwani imezeeka. Baadaye alijigonga paji la uso, upande wa kushoto, kwenye mlango wa kabati uliokuwa wazi tangu asubuhi. Niliifuta damu kwa pamba. Sasa nilijua si miwani.

Nilikaa na jambo hilo majuma matatu. Nilijiambia mimi si daktari. Nilijiambia pia kwamba mtu huyu ana mengi tayari: redio ilikuwa imeanza kusema kwamba watu wa Kasai si wenyeji, kwamba wamekula vya wengine na sasa warudi kwao. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa kuwa mimi ndiye wa kumwambia.

Asubuhi moja nilivuta kiti mbele ya kiti chake.

"Prof, nikuombe kitu. Uniangalie ku pua. Usitoshe macho hapo."

Alikuwa amewafundisha wanafunzi mia kupima hivyo. Alivua miwani, akaziba jicho moja bila kuambiwa. Niliinua kalamu upande wa kulia juu, akasema ndiyo. Kulia chini, ndiyo. Kushoto chini, ndiyo. Kushoto juu, hakusema kitu. Niliitikisa kalamu. Kimya. Akabadilisha jicho, tukaanza upya, na ilipofika pale pale akawa kimya vile vile.

"Umeinua?" akauliza.

"Nimeinua, Prof."

"Mu macho yote mbili?"

"Yote mbili."

Alivaa miwani polepole. "Basi haiko macho," akasema.

"Hapana. Haiko macho."

Aliamka, akaenda kwenye meza ya ubongo tuliokuwa tukiuchambua, akaweka kidole upande wa kulia, juu kidogo ya mahali sikio lingekuwa, pale ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimekifungua kitanzi juma lililopita. Alikiacha kidole tu. Kisha akaniuliza, bila kugeuka:

"Unajua tangu siku gani?"

Nilimwambia majuma matatu. Aliitika kwa kichwa. Hakuniuliza kwa nini, na hakuwahi kuniuliza.

Lubumbashi hatukuwa na mashine ya kuona ndani ya kichwa, ile wanayoiita IRM, inayopiga picha kwa nguvu ya sumaku. Tulizijua picha zake kutoka kwenye majarida tu. Mdogo wake Prof alikuwa akifanya kazi nchi za kusini, akampokea huko. Aliondoka kwa mwezi mzima na kuniachia funguo.

Katika mwezi huo umeme ulikatika siku tano mfululizo, na ubongo wetu bora ulikuwa ndani ya frigo, katikati ya kugandishwa. Nikauweka ndani ya ndoo yenye mfuniko nikaenda nao kwa mama mmoja wa Kivu ya Kaskazini aliyekuwa na depo ya samaki wa barafu na jenereta. Alikuwa mlokole, mtu wa sala. Nilimwambia ni kazi ya chuo kikuu. Alinitazama, akatazama ndoo.

"Ni muntu?"

"Ni sehemu ya muntu, mama."

Alikuwa na frigo ndogo kando, tupu, ya zamani. Akaifungua, akaipangusa ndani kwa kitambaa safi, akaniachia niweke mwenyewe. "Alikuwa mubatizwa?" akauliza. Nikasema sijui. Akaweka mkono juu ya mfuniko wa frigo, akasali kwa Kinande, lugha ya kwao, maneno machache, halafu akarudi kwa wateja wake.

Prof alirudi amekonda, amebeba bahasha kubwa ya kahawia. Tulizibandika zile picha kwenye kioo cha dirisha, kwa sababu taa haikuwaka, tukazitazama kwa mwanga wa jua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Ubongo wa mtu aliye hai, amesimama wima karibu nami, akipumua, na ubongo huo huo dirishani, wa kijivu, umekatwa bila kisu. Upande wa kulia palikuwa na doa jeupe, kubwa kama punje ya haragwe, na kuzunguka doa hilo ukungu.

"Uangalie," akasema. Sauti yake ilikuwa ya darasani. "Mashini inaona ugonjwa. Inaona nyama yote nyeupe. Lakini njia yenyewe, kitanzi, iko inapita wapi? Haionyeshe. Yote ni rangi moja. Ile, ni sisi tu tunaiona, na vijiti yetu."

Madaktari wa kusini walimwambia arudi baada ya miezi mitatu wamfungue kichwa. Alitaka kuwapelekea mchoro, wajue kitanzi kinapita wapi kabla ya kuingiza kisu. Basi tulifanya kazi kama hatujawahi kufanya. Nilichambua bongo tatu mfululizo, upande wa kulia, nikipima kwa rula kutoka ncha ya mbele hadi kitanzi kinapopinda, na yeye akiweka karatasi ya kupitishia mwanga juu ya picha yake mwenyewe na kuchora. Mkono wake ulikuwa thabiti. Ila kila mara mstari ulipopanda kwenda kushoto ulimponyoka ukaishia hewani, ikabidi niusogeze mkono wake. Nilikuwa nikimsogeza na tukiendelea kuzungumza mambo mengine.

Hakurudi kusini. Ofisi iliyotakiwa kumpa karatasi za safari ilifungwa, ikafunguliwa, ikawa na watu wengine, na hao wengine walipoona jina lake la Kasai walimrudishia karatasi bila kuzisoma. Wakati huo vijana walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta Wakasai. Waliweka alama kwenye mageti. Familia zilizoishi mtaani kwetu tangu kabla sijazaliwa zilifunga magodoro, zikaenda kwenye gare, yaani stesheni, kungoja treni za kuwapeleka Kasai, nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona.

Prof na mkewe waliondolewa nyumbani siku ya Jumatano. Niliambiwa Alhamisi. Ijumaa nilienda gare na bukari, mboga ya lengalenga na samaki mkavu wa Pweto, nimevifunga kwa kitambaa. Watu walikuwa wamelala kwenye majukwaa, kando ya reli, chini ya mabehewa, wamening'iniza mashuka yawe kuta. Watoto walikohoa. Harufu ilikuwa ya choo na makaa. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku, shavu la kushoto limevimba.

"Nilijigonga," akasema. Sijui kama ni kweli.

Nilikwenda kila siku ya pili. Nyumbani sikusema. Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, kama baba yangu, na yeye pia alikuwa amesimama kwenye mikutano ya kutaka watu wa Kasai waondoke, akapiga makofi. Alisema Wakasai wamekalia vyeo vyote na sisi tumebaki na mafuta ya grisi mikononi. Siku aliyoona kitambaa kile akauliza.

"Chakula ya mu nyumba yangu, uko unaipeleka kwa bale bantu?"

"Niko naipeleka kwa mwalimu wangu."

"Baende kwabo."

"Kwabo ni wapi? Alizaliwa ku avenue ya pili kutoka hapa. Ni mugonjwa mu kichwa. Mimi njo niliona ile ugonjwa."

Aliondoka bila kumaliza chai. Sikumlaumu peke yake. Mimi pia, wakati wa ile mikutano, nilikuwa nikipita mbali na kunyamaza.

Juma la nne Prof alianza kuanguka, kifafa. Mkewe alimshika kichwa asijipige kwenye chuma. Alipopata fahamu alinitafuta kwa macho, akanikuta upande wa kulia.

"Nikikufa hapa ku gare," akasema, "unipeleke ku labo. Uchukue na ile picha. Utachambua wewe mwenyewe. Hapo tutajua kama tulichora muzuri."

Kabla sijajibu, mkewe alisema. Mama huyo hakuwa mtu wa maneno, kwa miaka yote nilikuwa nimemsikia akisalimia tu.

"Hapana," akasema. "Hapana, mama. Banamuchukulia nyumba. Banamuchukulia kazi. Na weye unataka kichwa? Huyu nitamuzika nzima."

Prof alimgeukia. "Ni kazi," akasema kwa upole.

"Ni bwana yangu."

Nilisema, "Ndiyo, mama." Nilimjibu yeye, si Prof. Prof aliona, akafumba macho, na hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo.

Siku kumi baadaye mume wangu alirudi kutoka karakana saa tatu asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mlangoni. "Bameunga mabehewa," akasema. "Treni inatoka leo. Enda umuage." Nilipokuwa nikitafuta viatu alichukua mkebe wetu wa maji ya kunywa, akaujaza, akanipa.

Ilikuwa treni ya mizigo. Niliwakuta wameshapanda, wamebanana, Prof amewekwa mlangoni apate hewa. Nilimpa mkewe mkebe. Prof alikuwa ameikumbatia bahasha ya kahawia kifuani, chini ya koti. Alinishika mkono akauliza kama ile formole ya ndoo za nyuma nimeichuja. Nikasema nimeichuja. Haikuwa kweli, sikuwa nimekwenda labo siku nne. Treni ilivuta, ikasimama, ikavuta tena. Nilitembea kando yake mpaka majukwaa yakaisha.

Juma lililofuata labo iliingiwa. Walioingia hawakuwa na habari na ubongo wala macho. Walitaka frigo, meza, vitasa, mabati ya paa, na ndoo zetu, maana zilikuwa ndoo nzuri za plastiki zenye mfuniko. Kwa hiyo walizimwaga. Nilipofika, macho yalinichoma kwa formole kabla sijafungua mlango, na kumbe mlango wenyewe haukuwepo. Bongo zilikuwa sakafuni, nyingine zimekanyagwa. Vioo vya hadubini vililia chini ya viatu vyangu. Michoro ya Prof ilikuwa imebebwa pamoja na karatasi zote, na baadaye niliona sokoni wakifungia karanga kwa kurasa zenye mihuri yetu.

Nilikaa kwenye ngazi. Nilijua hakuna wa kumuita. Nikarudi nyumbani nikamweleza mume wangu, na nilidhani atasema niache. Alichukua jembe na beseni mbili za kufulia.

Tulizikusanya kwa mikono, tumefunga vitambaa puani. Alishtuka mara ya kwanza alipoushika mmoja, akauangalia, akauweka ndani ya beseni kama mtu anayemlaza mtoto. Tulifunika kwa shuka, tukakodi mkokoteni, tukazipeleka upande wa Kasapa, nyuma ya mabweni matupu, karibu na kichuguu kirefu. Ardhi pale ni nyekundu na ngumu. Alichimba mpaka adhuhuri, na hakuniachia jembe.

"Ni bangapi?" akaniuliza akiwa ndani ya shimo.

"Kumi na tisa."

"Na majina?"

Nikamtajia namba, moja baada ya nyingine, zile nilizokuwa nimezishika kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, amevua kofia. Tulipofukia, tulisali Baba Yetu, yeye kwa sauti kubwa kuliko mimi. Halafu akaketi juu ya beseni iliyopinduliwa, akalia. Hakuniambia analilia nini.

Barua ilikuja miezi minane baadaye, imeletwa kwa mkono na padri aliyepitia Kasai. Mkewe Prof aliandika kwa Kifaransa cha shule, herufi kubwa zilizosimama. Walifika. Walikaa kwa ukoo wa mbali, katika chumba kimoja. Aliandika kwamba upande wa kushoto uliendelea kupotea, kwanza juu, kisha wote. Prof alikuwa anakula nusu ya sahani na kusema ameshiba, naye mke alijifunza kuigeuza sahani bila kumwambia. Prof alikufa akiwa amelala. Amezikwa mzima, aliandika, na picha zake pamoja naye, kwa sababu hakuna aliyejua za kazi gani.

Hakunilaumu. Chini kabisa aliniuliza kama mimi na mume wangu tuko salama, na kama mvua zimeanza.

Niliisoma mara mbili, mume wangu akaisoma mara moja. Posta haikuwa ikifanya kazi, lakini yule padri alikuwa anarudi Kasai baada ya juma moja na alisema yuko tayari kubeba jibu. Nilinunua karatasi. Niliandika salamu, nikaandika kwamba tuko salama na mvua zimeanza. Ilibaki kumweleza picha zile zilikuwa za kazi gani, na hapo kalamu haikwenda. Padri alipopita kuniuliza, nilimwambia bado sijamaliza, akasema haidhuru, akaenda zake.